Henry Morton Stanley

Henry Morton Stanley (Denbigh, Welisi, 28 Januari 1841 – London, Uingereza, 10 Mei 1904) alikuwa mwandishi wa habari na mpelelezi aliyejulikana hasa kwa kumtafuta David Livingstone mwaka 1871 na kwa kuvuka Afrika kutoka Bahari Hindi hadi Atlantiki miaka 1874–1877. Katika safari hiyo ya pili alizunguka Ziwa Viktoria lote kwa mashua ya tanga na makasia, akianzia na kumalizia Kageye karibu na Mwanza. Mzunguko huo ulimaliza ubishi kuhusu umbo la ziwa. Ulimletea pia lawama ambazo hazikumtoka hadi kufa, kutokana na watu aliowaua katika kisiwa cha Bumbire.

Maisha ya awali

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na baba hakumlea. Akiwa na miaka sita alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa humo hadi mwaka 1856. Miaka mitatu baadaye alikuwa amefika New Orleans, Marekani, baada ya kufanya kazi melini. Huko alichukua jina la mfanyabiashara wa pamba aliyeitwa Henry Hope Stanley, akadai baadaye kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Waandishi wengi wa maisha yake hawaamini habari hiyo. Stanley alikuwa na tabia ya kuipamba historia yake, na ni vema msomaji akumbuke jambo hilo kila anaposoma vitabu vyake.

Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani alipigana upande wa majimbo ya Kusini, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh mwaka 1862, kisha akahamia upande wa Kaskazini. Baada ya vita akawa mwandishi wa habari. Gazeti la New York Herald lilimtuma Ethiopia mwaka 1868, na baadaye likamtuma kumtafuta Livingstone, ambaye alimkuta Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1871. Safari hiyo ilimpa umaarufu mkubwa, ingawa wataalamu wa jiografia huko London walimwona kuwa mtu wa magazeti tu.

Swali la ziwa

Livingstone alifariki mwaka 1873 bila kujua chanzo cha mto Naili. John Hanning Speke alikuwa amefika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaona maji upande wa kaskazini na kusema hilo ndilo chanzo. Lakini Speke aliona sehemu ndogo tu za ziwa, na Richard Burton, aliyekuwa mwenzake wa safari, hakukubali. Wengine waliona kwamba huenda si ziwa moja bali maziwa kadhaa yaliyotengana. Njia ya kupata jibu ilikuwa moja: mtu azunguke ufuko wote.

Magazeti ya New York Herald na Daily Telegraph yalishirikiana kulipia safari. Stanley aliagiza mashua kwa mjenzi James Messenger wa Teddington, karibu na London. Ilitengenezwa kwa mbao za mwerezi katika vipande vitano, ili wapagazi waweze kuibeba barabarani na kuiunganisha wakifika majini. Aliiita Lady Alice kwa heshima ya mchumba wake, Alice Pike.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 350, karibu wote Waunguja, watu wa pwani na Wanyamwezi. Wazungu walikuwa wanne: Stanley, ndugu wawili Frank na Edward Pocock, na Frederick Barker. Njaa, maradhi na mapigano viliupunguza msafara kabla haujafika ziwani. Edward Pocock alifariki Januari 1875 katika eneo la Singida ya leo. Tarehe 27 Februari watu wa mbele waliona ziwa kutoka mlimani, na wapagazi Wanyamwezi wakatunga wimbo palepale wa kushangilia mwisho wa njia, wote wakiitikia huku wakiteremka kuelekea Kageye.

Kuzunguka Ziwa Viktoria

Kageye kilikuwa kijiji cha wavuvi na wafanyabiashara upande wa kusini wa ghuba ambayo Stanley aliipa jina la Speke. Mtemi wake aliitwa Kaduma. Hapo mashua iliunganishwa, lakini alipoomba watu wa kujitolea hakuna aliyejitokeza. Sababu inaeleweka. Wenyeji walikuwa wamewaeleza kwamba safari ya kuzunguka ziwa huchukua miaka, kwamba ng'ambo wako watu wenye mikia, wengine wanaofuga mbwa wa vita na wengine wanaokula watu. Watu wa pwani waliyajua mawimbi ya bahari, ila maji haya hawakuyajua. Ikabidi Stanley awachague mwenyewe. Alichukua watu kumi na mmoja, miongoni mwao Wadi Safeni aliyeshika usukani na Uledi, ambaye baadaye alijulikana kuwa shujaa wa safari nzima. Kaduma alitoa mtu wa kuwaongoza aliyeitwa Saramba, na huyo aliondoka kwa huzuni kubwa.

Walitweka tanga tarehe 8 Machi 1875. Walifuata ufuko wa ghuba kuelekea mashariki, wakapita Ukerewe na kisiwa cha Ukara, kisha wakashika njia ya kaskazini kando ya nchi ambazo leo ni Mara na Kenya. Usiku walilala visiwani, wakiogopa kushambuliwa bara. Mara nyingi walipokelewa vizuri, wakabadilishana shanga na nguo kwa samaki, ndizi na pombe. Mara nyingine walirushiwa mawe na mikuki, na karibu na visiwa vya Buvuma walipambana na mitumbwi ya wenyeji. Mwishoni mwa Machi walifika kwenye maporomoko ya Ripon, mahali Naili unapotoka ziwani. Mto mwingine wa kutoka hawakuuona popote.

Mapokezi ya Kabaka

Buganda ilikuwa jambo tofauti kabisa na yale waliyozoea. Kabaka Mutesa I alituma mitumbwi kuwalaki majini. Mwanzoni mwa Aprili walifika Usavara, ambapo Kabaka alikuwa amehamia pamoja na watu wake kwa ajili ya michezo ya ziwani. Maelfu ya watu walijipanga mistari miwili kutoka ufukoni, bunduki zikapigwa kwa mamia, bendera zikapepea, na ngoma za kifalme zikalia. Katika Buganda ngoma hazikuwa burudani tu. Kila cheo na kila ukoo ulikuwa na mdundo wake, na Kabaka alipotawazwa ilisemwa kwamba amekula ngoma. Siku zilizofuata mitumbwi mirefu ilionyeshwa mbele ya Mutesa, kila mmoja na makumi ya wapiga kafi wakienda kwa wimbo mmoja, wakishindana kwa mbio na kuigiza vita vya majini.

Stanley alivutiwa sana na Mutesa, pengine kupita kiasi. Aliona mfalme mwenye akili na adabu, akaandika kidogo kuhusu ukali wake. Mutesa alikuwa tayari amejifunza Uislamu kutoka kwa Waarabu na Waswahili, na alikuwa akiiogopa Misri iliyokuwa ikisogea kutoka kaskazini. Mgeni mwenye silaha na marafiki Ulaya alikuwa na faida kwake. Walipozungumza habari za Ukristo, Stanley aliandika barua ya kuwaita wamisionari. Mfaransa Ernest Linant de Bellefonds, aliyekuwa akimtumikia Gordon wa Sudan, aliichukua akauawa njiani, lakini barua ilifika na kuchapishwa katika Daily Telegraph Novemba 1875. Wamisionari Waanglikana waliingia Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wa White Fathers miaka miwili baadaye. Historia yote ya dini ya Uganda baada ya hapo, pamoja na vita vyake, inapitia katika barua hiyo.

Bumbire

Kutoka Buganda walirudi kusini kwa kufuata ufuko wa magharibi, chakula kikiwa kimekwisha. Tarehe 28 Aprili waliingia katika kisiwa cha Bumbire, ambacho sasa kimo katika wilaya ya Muleba mkoani Kagera, ili kununua chakula. Umati uliishika mashua na kuiburuta hadi nchi kavu watu wakiwa ndani, ukachukua makasia. Safeni alijadiliana nao kwa saa nyingi akatoa nguo na shanga. Alasiri ngoma za vita zilianza kulia. Stanley aliwaamuru watu wake waisukume mashua majini, naye akafyatua bunduki juu ya waliowafuata. Bila makasia, mabaharia walibandua mbao za sakafu ya mashua wakazitumia kama kafi. Mitumbwi iliyowafuata ilipigwa risasi. Kwa hesabu yake mwenyewe aliwaua watu kumi na wanne, na hakuna maelezo ya upande wa pili yaliyoandikwa wakati ule. Usiku ule dhoruba iliwarusha huku na huku, hadi walipofika kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu walichokiita kisiwa cha Kimbilio.

Walivuka mlango wa ghuba ya Mwanza, ambayo Nyegezi iko kwenye ufuko wake wa mashariki, wakarudi Kageye mwanzoni mwa Mei, kiasi cha siku 57 tangu waondoke. Watu waliobaki walikimbilia majini kwa vifijo, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba wote wamekufa. Frank Pocock alikuwa peke yake. Barker alikuwa amefariki tarehe 23 Aprili na kuzikwa hapohapo.

Jambo lingeweza kuishia hapo. Lakini Stanley alihitaji kuuvusha msafara wake wote kwenda Buganda kwa mitumbwi, na njia ilipita karibu na Bumbire. Mtemi wa kisiwa hicho, Shekka, alikuwa tayari mateka wake. Hata hivyo, tarehe 4 Agosti 1875 Stanley alikwenda pamoja na mitumbwi ya Waganda, akapanga watu wake wenye bunduki mbali kidogo na ufuko, mahali ambapo mishale haikuwafikia, akaamuru wapige risasi. Makumi ya watu walikufa na wengi zaidi wakajeruhiwa. Mara ya kwanza alikuwa akijiokoa. Mara ya pili alikuja kuadhibu.

Habari hizo zilijulikana kwa sababu yeye mwenyewe aliziandika gazetini, kwa majivuno. Uingereza ikachafuka. Vyama vya kupinga utumwa na kutetea wenyeji vilipeleka malalamiko serikalini, na katika Shirika la Kijiografia la Kifalme H. M. Hyndman na Henry Yule walitaka alaumiwe rasmi. Hilo halikufanyika. Wapelelezi wengine wa wakati wake waliua pia, ila wachache walikuwa na kalamu ya kujishtaki kama yeye.

Kongo na miaka ya mwisho

Kutoka ziwani Stanley alizunguka pia Ziwa Tanganyika kwa mashua ileile, akafika Nyangwe, akaandamana kwa muda na Tippu Tip, kisha akafuata mto Kongo hadi Boma, alikofika tarehe 9 Agosti 1877. Frank Pocock alikuwa amezama mtoni mwezi Juni. Lady Alice iliachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila siku chache kabla ya mwisho. Waliofika Boma hawakuzidi 120. Stanley aliwarudisha Unguja kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na huko akapata barua kwamba Alice Pike ameolewa na mtu mwingine tangu mapema mwaka 1876.

Kuanzia 1879 hadi 1884 alimfanyia kazi mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa kujenga vituo na barabara na kupata mikataba ya machifu, kazi iliyoweka msingi wa Dola Huru la Kongo na ukatili wake. Watu wa Kongo walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Safari yake ya mwisho, ya kumwokoa Emin Pasha (1887–1889), iliwapoteza mamia ya wapagazi katika msitu wa Ituri. Akirudi kutoka huko alipita tena kusini mwa Ziwa Viktoria, akapumzika wiki kadhaa kwa mmisionari Alexander Mackay huko Usambiro kabla ya kushuka Bagamoyo mwezi Desemba 1889.

Alimwoa Dorothy Tennant mwaka 1890, akawa mbunge kutoka 1895 hadi 1900 bila kufanya mengi bungeni, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa. Kaburi lake liko Pirbright, Surrey, chini ya jiwe kubwa lililochongwa jina Bula Matari. Sanamu yake iliwekwa Denbigh mwaka 2011 huku wengine wakipinga, na mwaka 2021 wakazi wa mji huo walipiga kura ibaki.

Wadi Safeni hakurudi Unguja. Karibu na mwisho wa safari, akiwa amechoka kwa njaa na shida, alipoteza akili, akamchukua kasuku wake akaingia msituni akisema anakwenda nyumbani. Waliomtafuta hawakumpata.