Mwalimu wa Historia Aliyewinda Vifaru kwa Ndege ya Kitambaa

Askari wa miguu akiitazama ndege ndogo ya upelelezi huiona kitu dhaifu, na kweli ni dhaifu. Ile L-4 ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili ilikuwa na viti viwili, injini ya nguvu za farasi 65, na mwili uliovikwa kitambaa; hata risasi ya bunduki iliipenya. Hata hivyo wapiga mizinga wa Ujerumani waliichukia mno. Ilipokuwa angani walinyamaza, kwani mzinga uliothubutu kulia ulionekana, rubani akataja mahali pake kwa redio, na makombora ya Wamarekani yakafuata, yakisahihishwa moja baada ya jingine mpaka yapate shabaha.

Kazi hiyo ndiyo aliyopewa Meja Charles Carpenter, mzaliwa wa Illinois mwaka 1912, ambaye kabla ya vita alisomesha historia katika shule ya sekondari mjini Moline. Mwaka 1944 alikuwa Ufaransa pamoja na Divisheni ya 4 ya Vifaru, katika jeshi la Jenerali Patton. Kutazama tu hakukumtosha. Alifunga bazuka chini ya mabawa, hata zikafika sita, tatu kila upande, na ndege akaiita Rosie the Rocketer. Walikuwapo waliomdhania kichaa, nasi pengine tungalimdhania hivyo hivyo: bazuka ni silaha ya kupigia karibu, basi ilimlazimu kushuka moja kwa moja mbele ya bunduki za adui. Lakini alijua kwamba deraya ya kifaru ni nyembamba upande wa juu.

Tarehe 20 Septemba 1944, karibu na Arracourt katika Lorraine, ukungu ulifunika nchi asubuhi nzima. Ulipoinuka, Carpenter aliona vifaru vya Panther na magari ya deraya yakisonga mbele kuelekea wenzake. Aliarifu kwa redio, kisha akashambulia mwenyewe. Akarudi kupakia, akaruka tena, na tena. Siku hiyo alifyatua roketi zisizopungua 16. Alihesabiwa kuharibu vifaru viwili na magari kadhaa ya deraya. Mashambulizi yake, pamoja na yale ya wenzake wa ardhini, yaliwarudisha adui nyuma, na askari waliokuwa wamenaswa kwenye kituo cha maji wakapata kuokoka. Twaamini kwamba hao wachache wangalimtetea mbele ya kila aliyemcheka.

Mwaka 1945 madaktari waligundua kuwa ana saratani ya tezi, wakamkadiria miaka miwili tu ya kuishi. Alirudi Illinois, akashika tena chaki darasani, akaishi hadi 1966.

Ndege yake ilifika Austria, ikawa ya kuvuta ndege zisizo na injini, kisha ikawekwa katika jumba la makumbusho bila kutambulikana. Ilipojulikana ilirudishwa Marekani, ikavikwa kitambaa kipya, ikafungwa tena bazuka sita. Sasa imo katika makumbusho jimboni Massachusetts.