Mikhail Tsvet, aliyefichua rangi za majani

Wakulima wa Kwale, pwani ya Kenya, hulima mzingefuri, maarufu kama bixa, kwa ajili ya rangi iliyo kwenye mbegu zake. Magunia mawili yenye uzito sawa yanaweza kutofautiana kwa kiasi cha rangi, na mizani haitaonyesha. Njia ya kutenganisha rangi za mimea ili zitambuliwe iliasisiwa na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi.

Tsvet alizaliwa mwaka 1872 mjini Asti, Italia, baba akiwa Mrusi na mama Mwitaliano. Alikulia Uswisi, ambako alipata shahada ya udaktari mjini Geneva mwaka 1896. Alipohamia Urusi shahada hiyo haikutambuliwa, ikamlazimu kutafuta nyingine.

Akiwa Warsaw, wakati huo chini ya utawala wa Urusi, alishindilia unga wa chaki katika bomba la kioo lenye upana wa milimita chache tu. Juu yake alimimina rangi iliyokamuliwa kutoka kwenye majani. Rangi zilizong'ang'aniwa na chaki zilibaki juu, nyingine zikateremka, hadi ikatokea mistari ya kijani na manjano. Kila mstari aliuchunguza kwa spektroskopu, chombo kinachoonyesha mwanga unaofyonzwa na rangi. Ikadhihirika kuwa kijani cha majani kina klorofili za aina mbili, na si moja. Mwaka 1906 aliipa njia hiyo jina la kromatografia.

Hata hivyo, wakubwa wa kemia waliitilia shaka, akiwemo Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea. Mwaka huohuo vita vilimng'oa Tsvet kutoka Warsaw. Alihamahama hadi alipofariki mjini Voronezh mwaka 1919, akiwa na miaka 47. Njia yake ilifufuliwa mwaka 1931 na watafiti wa Heidelberg, Ujerumani.

Leo kromatografia ndiyo hutumika maabara kupima sumukuvu kwenye mahindi na mabaki ya dawa kwenye mboga zinazouzwa Ulaya. Kipimo kimoja chaweza kurudisha shehena nzima. Mkulima anayepima sampuli kabla ya kusafirisha hupata nafasi ya kurekebisha kasoro, au kutetea bei ya mazao yake, mapema.