Leo Kanner: Daktari aliyetazama kwa makini tabia za kujirudia za watoto wenye usonji

Kila Aprili 2, dunia huadhimisha Siku ya Uelewa kuhusu Usonji. Kesho yake, Aprili 3, ni kumbukumbu ya kifo cha Leo Kanner, aliyefariki mwaka 1981. Maandishi yake ndiyo yaliyoifanya hali hiyo ya ukuaji wa ubongo ijulikane duniani.

Kwa familia ya Kindu yenye mtoto anayejitikisa mchana kutwa, au anayelia kwa sababu tu kiti kimehamishwa, maisha ya daktari huyo yana la kufundisha, likiwemo kosa lake.

Kanner alizaliwa Juni 13, 1894, katika familia ya Kiyahudi kijijini Klekotów, ambako leo ni Ukraine. Alisomea udaktari Berlin, akahamia Marekani mwaka 1924. Mwaka 1930 alianzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore.

Hakuogopa kuwatetea wanyonge. Mwaka 1937 alifichua jinsi wagonjwa wenye ulemavu wa akili walivyotolewa katika taasisi moja ya Maryland na kugawiwa familia tajiri kama watumishi. Mwaka 1942, daktari mwenzake alipopendekeza watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili wauawe, Kanner alimpinga hadharani.

Mwaka 1943 alichapisha ripoti ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Walizungusha vitu, walirudia maneno yale yale na kuvurugika utaratibu wa nyumbani ulipobadilika. Wengi wangeona upungufu wa akili tu. Kanner aliona kwamba mtoto alihitaji sana mambo yabaki yalivyo, na kwamba mabadiliko yalimtia hofu.

Lakini aliandika pia kuwa wazazi wengi wa watoto hao walikuwa baridi, wasioonyesha upendo. Wengine waliikuza kauli hiyo, na kwa miaka mingi akina mama wakabebeshwa lawama. Mwaka 1969, mbele ya mkutano wa wazazi, Kanner alitangaza kwamba hawana hatia.

Mwaka 1971 alieleza yaliyowapata watoto wake wa kwanza. Waliofungiwa katika taasisi za serikali walidumaa. Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika ripoti ile, alikuwa amelelewa kwa muda na wakulima huko Mississippi. Alipopenda kupima kila kitu, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Aliposhikilia kuhesabu mistari ya mahindi, walimwacha ahesabu huku akilima. Baadaye alipata shahada, akafanya kazi benki na kuendesha gari lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Hadi leo hakuna dawa inayoponya tabia hizo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha watoto 149, ulionyesha kuwa dawa ya citalopram haikuzipunguza kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Kinachosaidia zaidi ni kutafuta kinachoianzisha tabia, kama kelele, njaa, maumivu au mabadiliko ya ghafla, kumwandaa mtoto mapema, na kumfundisha njia nyingine ya kueleza haja yake. Tabia isiyomdhuru yeye wala wenzake inaweza kuachwa.

Nchini Kongo, mzigo wa lawama mara nyingine humwangukia mtoto mwenyewe, akiitwa mlozi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inaweka adhabu. Kanner alihitaji zaidi ya miaka 25 kuwaondolea wazazi lawama. Mtoto anayejitikisa leo mjini Kindu hawezi kungoja muda huo. Anahitaji kupelekwa kwa mganga wa hospitali akiwa bado mdogo, na arudi nyumbani kwao.