Jean-Marie Seroney: Naibu Spika aliyelipia gharama ya kuuhoji urais

Mnamo Septemba 1991 viongozi wa KANU kutoka Bonde la Ufa walikusanyika Kapkatet, katika nchi ya majani chai iliyo baina ya Kericho na Bomet. Mkutano huo ulifuata mwingine uliofanywa Kapsabet mwezi uo huo, na shabaha yake ilikuwa wazi: kumkinga Rais Daniel arap Moi dhidi ya wimbi la vyama vingi. Wasemaji walitangaza utiifu wao kwa Rais na kwa chama, wakawatishia waliotaka mageuzi na kufufua madai ya majimbo. Kumgusa Rais, kwa maelezo yao, kulikuwa sawa na kuigusa jamii nzima.

Wakati huo Jean-Marie Seroney alikuwa kaburini kwa karibu miaka tisa. Yeye pia alikuwa Mkalenjin, naye pia aliwahi kuupigania mfumo wa majimbo. Hata hivyo, hakuna mwanasiasa wa jamii hiyo aliyejua kwa uchungu kuliko yeye kwamba kumhoji Rais wa Kenya, sembuse kumwondoa, ni hesabu ambayo wengi huikosea.

Seroney alizaliwa Nandi katika miaka ya 1920. Baba yake, Reuben Seroney, alikuwa miongoni mwa Wanandi wa mwanzo kuipokea dini ya Kikristo. Kijana huyo alisoma Shule ya Upili ya Alliance, Makerere, Chuo Kikuu cha Allahabad nchini India na hatimaye sheria mjini London. Aliporejea alikuwa mmoja wa mawakili wachache Waafrika nchini. Mwaka 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa tiketi ya KADU, chama kilichohofia kwamba makabila madogo yangemezwa na makubwa. Kilipovunjwa mwaka 1964, wenzake wengi walipata vyeo serikalini. Seroney alibaki kiti cha nyuma akiwa mbunge wa Tinderet.

Mwaka 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, lililodai kwamba ardhi ya Nandi ni mali ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Azimio hilo halikuwa safi kama wafuasi wake wanavyopenda kulikumbuka, kwani wakulima waliokuwa wamenunua mashamba huko kwa fedha zao halali walikuwa na sababu ya kuliogopa. Lakini lilimpa sifa ya mtu asiyenunulika, na sifa hiyo ilimfaa baadaye.

Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Mwezi Juni, serikali ilipojaribu kuifanya ripoti isitambuliwe rasmi bali ipokelewe tu, ilishindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Tofauti ya kura tatu! Waziri Masinde Muliro na wasaidizi wa mawaziri Peter Kibisu na John Keen, waliopiga kura pamoja na waasi, walifutwa kazi mara moja. Seroney alikuwa Naibu Spika, cheo alichopewa na wabunge wenzake mapema mwaka huo.

Swali linazuka hapa: kama Bunge liliweza kuishinda serikali kwa kura, kwa nini halikuthubutu kupiga kura ya kutokuwa na imani nayo? Katiba ya wakati huo iliruhusu. Lakini mtego ulikuwa ndani ya kifungu chenyewe. Hoja ingepita kwa wingi wa wabunge wote, Rais angekuwa na siku tatu za kujiuzulu au kulivunja Bunge. Asipofanya lolote kati ya hayo, Bunge lingevunjika lenyewe siku ya nne. Mbunge aliyemwangusha Rais, kwa hiyo, alikuwa hatarini kukiangusha na kiti chake mwenyewe. Angerudi kwa wapiga kura akihitaji tiketi ya KANU, chama kilichoongozwa na Rais yule yule. Tangu mwaka 1966 aliyehama chama alipoteza kiti, na tangu 1968 mgombea wa kujitegemea hakuruhusiwa. Mlango ulikuwepo, ila mwenye nyumba ndiye aliyeshika ufunguo.

Katiba ya mwaka 2010 imeutenganisha urais na uhai wa Bunge. Hoja ya kumwondoa Rais huhitaji saini za theluthi moja ya wajumbe wa Bunge la Kitaifa, kisha kura za theluthi mbili, kisha theluthi mbili za Seneti, na wabunge hubaki vitini mwao. Naibu Rais Rigathi Gachagua aliondolewa kwa njia ya namna hiyo Oktoba 2024. Lakini hesabu bado ni kali: mwezi uo huo hoja ya kumwondoa Gavana wa Kericho, Erick Mutai, ilitupwa na Seneti kwa kuwa madiwani 31 kati ya 47 hawafiki theluthi mbili.

Seroney hakuwahi kuleta hoja ya kumwondoa Mzee Jomo Kenyatta. Alifanya dogo zaidi, nalo likatosha. Oktoba 9, 1975, akiwa kwenye kiti, mbunge wa Butere Martin Shikuku alidai kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ulimtaka athibitishe. Seroney aliamua kwamba jambo lililo bayana halihitaji uthibitisho. Wabunge wa serikali wakatoka nje kwa hasira, Makamu wa Rais Moi akiwa miongoni mwao.

Siku sita baadaye polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Hawakufikishwa mahakamani, wangeshtakiwa kwa kosa gani? Naibu Spika alikuwa ametoa uamuzi wa kanuni, basi. Kuwekwa kizuizini bila kesi kuliwafundisha wabunge wengine hesabu mpya, nao waliielewa upesi. Waliokaidi, kama Chelagat Mutai na George Anyona, walifungwa au kuzuiliwa katika miaka miwili iliyofuata.

Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Desemba mwaka huo Moi aliwaachilia mahabusu wa kisiasa. Seroney aligombea Tinderet mwaka 1979 akashindwa na Henry Kosgey. Watu waliomshangilia alipokuwa gerezani hawakumrudishia kiti alipotoka. Juni 1982 Bunge alilolitetea liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Desemba mwaka huo akafariki.

Wanasiasa wa Kapkatet walirithi sehemu moja ya Seroney na kuiacha nyingine. Walichukua madai ya ardhi na majimbo, wakayafanya ngao ya Rais. Ile imani yake kwamba Rais huulizwa maswali na Bunge waliiacha. Kifungu cha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991, miezi mitatu tu baada ya mkutano wao.

Lakini kabla ya hapo, Oktoba 29, mapigano ya kikabila yalikuwa yamezuka katika shamba la Meteitei na kuanza kusambaa Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi. Shamba hilo liko Tinderet.