Jimi Hendrix: mpiga gita aliyetia sahihi kwa dola moja

Mtu anayetaka kujua kama amefuzu kupiga gita la umeme hujipima kwa rekodi za Jimi Hendrix za mwaka 1967 na 1968. Noti zake zimeandikwa vitabuni tangu zamani, na mwenye bidii huzipata. Kinachowashinda wengi ni sauti yenyewe. Unapiga noti ileile, kwenye gita la aina ileile, na bado msikilizaji anajua kwamba hii ni kopi.

Hendrix alifariki mwaka 1970 akiwa na miaka 27. Maisha yake yana mambo mawili ambayo mfanyabiashara wa mpakani atayaelewa upesi: bidhaa ambayo kila mtu anaiiga na hakuna anayeifikia, na karatasi iliyotiwa sahihi kwa bei ya kutupa.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 mjini Seattle, Marekani, katika familia ya watu weusi wenye hali ngumu. Jina la kwanza alilopewa lilikuwa Johnny Allen. Baba yake, Al Hendrix, alikuwa jeshini wakati huo, na aliporudi alimbadilisha jina akamwita James Marshall. Ndoa ya wazazi haikudumu, na mama, Lucille, alifariki mwaka 1958. Kijana alianza kwa kuchezea ukulele wenye uzi mmoja uliookotwa kwenye takataka, kisha akapata gita kuukuu la dola 5.

Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na gita nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Akaligeuza gita juu chini na kupanga nyuzi upya. Hapo ndipo wanaomwiga wanapopata kikwazo cha kwanza. Gita la Fender Stratocaster, alilokuja kulipenda kuliko mengine, lina visumaku vya kunasa sauti chini ya nyuzi, na kimoja kati yake kimewekwa kwa mshazari. Ukiligeuza gita, mshazari nao unageuka, hivyo nyuzi nene zinatoa mlio mkavu zaidi na nyuzi nyembamba zinakuwa laini kidogo. Ndiyo maana wapo wanaotumia mkono wa kulia lakini hununua gita la mkono wa kushoto na kuligeuza, ili tu kuukaribia mlio huo.

Mwaka 1961, baada ya kukamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, aliingia jeshini kuepuka jela. Akawekwa kwenye kikosi cha askari wa miavuli huko Fort Campbell. Askari hakuwa hodari, lakini huko alikutana na Billy Cox, mpiga besi aliyebaki rafiki yake hadi mwisho. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kuondoka.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika barabarani. Alizunguka kumbi za watu weusi za Marekani akiwapigia waimbaji wakubwa, wakiwemo Isley Brothers na Little Richard. Kazi ya mpiga gita wa nyuma ni kushikilia mdundo na kutomfunika mwenye jina. Katika kazi hiyo alijifunza kupiga mdundo na kupamba kwa wakati mmoja. Kidole gumba kilipita juu ya shingo ya gita na kubana uzi mnene, vidole vingine vikabaki huru kucheza vipande vidogo vya sauti katikati ya maneno ya mwimbaji. Mtu anayejifunza wimbo wake wa Little Wing huanza kwa kufundisha kidole gumba hicho, na mwenye mkono mdogo hupata tabu kweli.

Mwezi Oktoba 1965, akiwa New York bila fedha, alitia sahihi mkataba na Ed Chalpin, mwenye kampuni ya PPX. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Malipo yake yalikuwa dola 1 na mrabaha wa asilimia 1. Hakuwa na jina wala mwanasheria. Alirekodi nyimbo kadhaa pamoja na mwimbaji Curtis Knight, kisha akaendelea na maisha yake.

Mwaka 1966 Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa kundi la Animals kutoka Uingereza, alimsikia kwenye klabu moja ndogo ya New York. Akampeleka London mwezi Septemba mwaka huo, akamtafutia Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma. Mikataba ya zamani ilinunuliwa ili msanii awe huru. Ule wa PPX ukasahaulika.

Ndani ya mwaka mmoja London yote ilikuwa inamzungumzia. Miongoni mwa waliomfuata ukumbi kwa ukumbi alikuwepo kijana mzaliwa wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, ambaye baadaye aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor. Dunia ilimfahamu kijana huyo kwa jina la Freddie Mercury.

Albamu ya kwanza ilitoka Mei 1967 na ya pili Desemba mwaka huohuo. Siku hizo mashine ya kurekodi ilikuwa na njia nne tu za sauti. Njia zikijaa, fundi alizichanganya na kuzihamishia kwenye utepe mwingine ili apate nafasi ya kuongeza, na kilichochanganywa hakikuweza kutenganishwa tena. Fundi wake, Eddie Kramer, alikuwa akigeuza utepe ukimbie kinyumenyume, na Hendrix akapiga gita juu yake. Ukisikia gita linalovimba badala ya kugonga, kama katika Castles Made of Sand, jua kwamba utepe uligeuzwa. Mwingine, Roger Mayer, mtaalamu wa sauti aliyekuwa akifanya kazi katika jeshi la maji la Uingereza, alimtengenezea kisanduku kilichoongeza juu ya kila noti noti ya pili iliyo oktavu moja juu zaidi. Ndicho kinachosikika katika solo ya Purple Haze. Asiyejua habari ya kisanduku hicho anaweza kuhangaika na vidole vyake mwezi mzima bila kupata kitu.

Wakati wa albamu ya pili, Hendrix alisahau ndani ya teksi utepe wenye nyimbo za upande wa kwanza, zikiwa zimekwisha kuchanganywa. Haukupatikana tena. Yeye, Chandler na Kramer wakakesha usiku mmoja kuzichanganya upya. Nyimbo zote zilifaulu isipokuwa moja, If 6 Was 9: wenyewe waliotengeneza walishindwa kuupata tena mchanganyiko wao. Ikabidi itumike nakala aliyokuwa nayo Redding nyumbani, ambayo utepe wake ulikuwa umejikunja hata ukapigwa pasi. Kijana anayejilaumu kwa kushindwa kumwiga Hendrix akumbuke usiku huo.

Na yeye pia aliwaiga wengine. All Along the Watchtower ni wimbo wa Bob Dylan. Hendrix aliuchukua mwaka 1968, akapiga gita na besi kwa mkono wake na kuujenga upya, hata Dylan mwenyewe baadaye akawa anaupiga kwa kufuata njia ya Hendrix.

Umaarufu ulipopanda, karatasi ya dola moja ikafufuka. Chalpin alidai haki yake mahakamani. Zile nyimbo za Curtis Knight zikatolewa sokoni mwishoni mwa 1967 zikiwa na jina la Hendrix, na wanunuzi waliodhani wanapata kazi mpya wakapata mali ya zamani. Hatimaye Marekani walikubaliana kwamba Hendrix atoe albamu nzima kama sehemu ya malipo. Albamu hiyo ni Band of Gypsys, iliyorekodiwa jukwaani New York tarehe 1 Januari 1970, akiwa na Billy Cox, yule rafiki wa jeshini, na mpiga ngoma Buddy Miles. Ndani yake mna Machine Gun, ambayo wapiga gita wengi wanaihesabu kuwa kilele cha kazi yake. Kesi ya Uingereza iliendelea kumwandama.

Mwezi Agosti 1970 alifungua studio yake mwenyewe New York, Electric Lady, ili asiendelee kulipa kodi kubwa za studio za watu. Hakuifaidi. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Septemba, alifariki London baada ya kumeza vidonge vingi vya usingizi na kupaliwa na matapishi. Alizikwa Renton, jirani na Seattle.

Hakuacha wosia. Mali ilimwendea baba yake, mtunza bustani, ambaye aliwaachia wanasheria na mameneja wasimamie. Rekodi ziliendelea kuuzwa dunia nzima, na kanda ambazo marehemu hakuzikamilisha zikatolewa moja baada ya nyingine, baadhi zikiwa zimeongezewa magita ya watu wengine. Al Hendrix alilazimika kwenda mahakamani ndipo akapata haki ya muziki wa mwanawe mwaka 1995, miaka 25 baada ya kumzika. Na alipofariki Al mwaka 2002, ndugu wa marehemu, Leon, hakuachiwa sehemu katika biashara hiyo, wakarudi tena mahakamani.

Studio ya Electric Lady bado inafanya kazi mahali palepale, na wanamuziki hulipa ili warekodi humo. Vifaa vinavyoiga kile kisanduku cha Roger Mayer vinauzwa madukani, na vitabu vya noti zake vinanunuliwa kila siku. Kila anayetengeneza kopi ya Hendrix anapata chochote. Sahihi ya mwaka 1965 ilimpa mwenyewe dola moja, na mzozo wake ulidumu miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Kwa hiyo wewe unayepewa karatasi kwenye ghala au ofisini kwa wakala, uisome hadi mstari wa mwisho, na ikiwa imeandikwa kwa lugha usiyoijua, mtafute wa kukusomea kabla hujashika kalamu.