Habari za Bwana Dag Hammarskjöld

Nataka kuwaeleza habari za mtu aliyefia msituni karibu na Ndola, nchi ya Zambia, akitafuta amani ya jirani zetu wa Kongo.

Alizaliwa Uswidi mwaka 1905. Alisomea uchumi, hakuoa, na mwaka 1953 akachaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hayo nayapita upesi, maana kazi iliyompa sifa na lawama ni ile ya Kongo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kabla ya wiki moja kwisha askari waliwaasi maofisa wao Wabelgiji, na tarehe 11 Julai Bwana Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo la shaba ambalo watu wake husema Kiswahili, limejitenga. Serikali ya Bwana Lumumba ikaomba msaada. Upesi sana Bwana Hammarskjöld akapeleka askari wa Ghana, Tunisia, Moroko na Ethiopia. Huko Kasai Waluba waliokimbia makwao walikuwa wakifa kwa njaa, nao wakapelekewa chakula.

Lumumba alitaka askari hao wairudishe Katanga kwa nguvu. Katibu Mkuu akakataa. Baadaye Lumumba alipokamatwa hawakumwokoa, na Januari 1961 akauawa huko huko Katanga. Mimi naona lawama hiyo haifutiki. Lakini siwakubali wasemao kwamba mtu huyu hakuijali Kongo.

Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga walikuwa wakipigana, na kambi ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, imejaa maelfu ya wakimbizi. Tarehe 17 akapanda ndege Leopoldville, aende mwenyewe kuonana na Tshombe. Ndege ilizunguka mbali kwa kuogopa ndege ya vita ya Katanga. Tshombe alikuwa Ndola akimngoja. Baada ya usiku wa manane ndege ikaanguka, uwanja ukiwa karibu. Watu wote 16 walikufa. Askari mmoja tu aliishi siku chache.

Tarehe 20 mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi hapo hapo Ndola. Desemba wakapigana tena, na Katanga haikurudi Kongo mpaka Januari 1963.

Kuanzia mwaka 2015 Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania amechunguza, kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kama ndege ile ilianguka yenyewe au iliangushwa. Ameeleza kwamba ziko serikali ambazo hazijatoa karatasi zao zote.