Mwana wa Port Louis Aliyejipiga Sindano ya Ujana

Leo nawaletea maisha ya tabibu mmoja wa bahari yetu hii ya Hindi, ambaye jina lake hutajwa katika vyuo vya udaktari duniani kote lakini huku kwetu ni wachache walijuao. Huyu ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, mji mkuu wa kisiwa cha Morisi. Nimemchagua kwa sababu siku hizi kila niketipo barazani hayakosi kuzuka mazungumzo ya dawa za kumrudishia mwanamume ujana wake, mara sindano, mara vidonge, mara mafuta ya kupaka. Wengi hudhani ni mambo mapya. Kumbe mzee huyu aliyafanya mnamo 1889, tena katika mwili wake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili, 1817. Kisiwa kilikuwa chini ya Waingereza, ila lugha ya wakubwa wake ilikuwa bado Kifaransa, na mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa. Miongoni mwa watumwa hao walikuwamo waliotolewa pwani yetu, maana mnamo 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watu 1,000 kila mwaka. Hilo nalitaja kwa kupita tu, ili tujue kuwa Morisi si mbali.

Baba yake, nahodha wa Kimarekani, alipotea baharini kabla mtoto hajazaliwa. Mama, Bibi Charlotte Séquard, Mfaransa wa kisiwani, alimlea yatima wake kwa kazi ya kushona. Kijana alipokua alifanya kazi dukani, na mnamo 1838 mama na mwana wakapanda meli kwenda Paris. Nia yake ilikuwa awe mtungaji wa hadithi na tamthilia. Mwandishi mashuhuri wa zama hizo, Charles Nodier, alimshauri atafute riziki kwingine, naye akaingia udaktari. Alihitimu 1846. Mama hakuiona siku hiyo, alikuwa amekwisha kufariki dunia. Mwana akalishika jina la ukoo wa mama pamoja na la baba, akaenda nalo hadi kaburini.

Sifa yake ya kwanza aliipata kwa mishipa ya fahamu. Alionyesha kwamba ukikatwa upande mmoja tu wa ule ugwe upitao ndani ya uti wa mgongo, mwili hupooza upande ule ule uliokatwa, lakini upande wa pili ndio usiosikia tena maumivu wala joto. Mpaka leo mtu akipatwa na hali hiyo, kwa kisu au kwa ajali ya gari, madaktari huiita kwa jina la mwana huyu wa Morisi.

Lakini tabia yake ndiyo inayonivutia zaidi. Mtu huyu alikuwa hana subira ya kuwajaribu wengine kabla hajajijaribu mwenyewe. Mnamo 1854 alirudi kwao, na kipindupindu kikazuka kisiwani. Aliwauguza watu wake usiku na mchana, na ili apime kama dawa ya afyuni yafaa kweli, alimeza matapishi ya wagonjwa kisha akanywa dawa hiyo kwa wingi. Nusura afe. Watu wa Morisi wakamtengenezea nishani ya dhahabu. Muda si mrefu baadaye, huko Richmond nchini Marekani, alijipaka vanishi mwili mzima ili aone ngozi ikizibwa itakuwaje, akakutwa hali mahututi, ikabidi akwanguliwe.

Mnamo 1856 aliziondoa katika wanyama zile tezi ndogo zikaazo juu ya mafigo, na wanyama wale wakafa. Hapo akaamini kwamba tezi humimina ndani ya damu kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila ya hicho. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa kuwa ndilo lililomfikisha kwenye kisa chenyewe. Baada ya hapo alifanya kazi katika hospitali ya wenye kupooza na kifafa huko London, akafundisha Chuo Kikuu cha Harvard, na mnamo 1878 akakikalia kiti cha Claude Bernard katika Collège de France, Paris. Kwa tabibu wa wakati ule hakuna cheo kilichokuwa juu ya hicho.

Madrasani tumefunzwa kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Bwana huyu hakupata mafunzo hayo. Alipofika miaka 72 alikuwa hawezi kusimama katika maabara zaidi ya nusu saa bila kutafuta kiti, na jioni akirudi nyumbani hula haraka akaenda kulala. Akawaza kuwa ikiwa tezi za mafigo zina siri yake, basi korodani nazo zina siri yao, na uzee wa mwanamume ni kukauka kwa siri hiyo. Akaziponda korodani za mbwa na za simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, akachanganya na maji, akachuja, akajidunga chini ya ngozi. Najua wapo watakaosoma hapa wakasema audhubillahi, na hawana lawama.

Tarehe 1 Juni, 1889, alisimama mbele ya Chama cha Biolojia cha Paris akaeleza yaliyomfika. Alisema nguvu zimemrudia, asimama saa nyingi, apanda ngazi mbio kama zamani, na baada ya kutwa ya kazi aweza kuketi akaandika. Alikuwa amepima nguvu za mkono kwa chombo, na hata mkojo alikuwa ameupima urefu unaorukia. Kisha akaongeza jambo ambalo wauzaji wa dawa hawalisemi: huenda yote yakawa ni kazi ya nafsi kuamini, kwa hiyo wenziwe wajaribu waone. Alipoacha sindano, baada ya majuma machache udhaifu ulimrejea.

Magazeti yakalipuka. Wengine walimcheka, wakasema mzee amerukwa na akili. Wengine walikimbilia sindano, na kabla mwaka haujaisha inasimuliwa kwamba madaktari zaidi ya 12,000 walikuwa wakiitumia. Yeye na msaidizi wake d'Arsonval walikuwa wakiwapa madaktari maji yale bure, wakiomba taarifa tu. Matapeli ndio waliofungua maduka.

Je, alikuwa sahihi? La. Korodani hutengeneza homoni ya kiume lakini haziiweki akiba, na homoni hiyo ni vigumu kuyeyuka katika maji. Mnamo 2002 wataalamu wa Australia waliifuata njia yake tena, wakakuta kiasi kilichomo ni kidogo mno kuweza kumfaa mtu. Kilichompandisha ngazi mzee wetu kilikuwa imani.

Hata hivyo, kosa lake lilizaa haki. Mnamo 1891 daktari George Murray wa Uingereza, kwa kuifuata fikira ile ile, alimdunga maji ya tezi ya shingo ya kondoo mwanamke aliyekuwa akifa kwa kukosa kazi ya tezi hiyo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Neno homoni lilikuja 1905. Mnamo 1935 homoni ya kiume yenyewe, testosteroni, ilisafishwa ikajulikana, ikatengenezwa pia katika maabara. Katikati alipita Serge Voronoff, aliyewapandikiza matajiri vipande vya korodani za nyani. Huyo simsemi sana, maana alikuwa na pupa ya sifa.

Sasa tuko wapi? Mwanamume ambaye mwili wake umeacha kutengeneza homoni hiyo kwa ugonjwa wa tezi ana haki ya kutibiwa nayo, na hufaidika. Lakini mzee ambaye kiasi chake kimepungua kwa umri tu, habari yake ni nyingine. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa 2016, uliofanywa kwa wanaume 790 waliotimiza miaka 65 na kuendelea, ulionyesha hamu ya ndoa iliongezeka kiasi, ila mwendo haukuwa na faida kubwa, wala kumbukumbu haikupanda. Mwingine wa 2023, wenye watu zaidi ya 5,000, uliona kwamba mishtuko ya moyo haikuzidi, lakini kwenda kombo kwa mapigo ya moyo kulizidi, na pia damu kuganda mapafuni. Na la kuzingatiwa na kijana anayetaka mtoto ni hili: homoni ikitoka nje, korodani hulala, na mbegu hupungua au hukatika kabisa. Kwa hiyo hupimwa damu kwanza, asubuhi, tena siku mbili mbalimbali.

Wapo pia wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, au rapamisini, dawa ya waliobadilishwa figo iliyotokana na udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ilhali hawana kisukari wala figo ya kupewa, wakitumai kuchelewesha uzee. Rapamisini imerefusha umri wa panya. Kwa binadamu ushahidi haujapatikana, nayo hupunguza kinga ya mwili. Wanaojaribu leo wanafanya alilofanya Brown-Séquard, isipokuwa yeye alijipima, akaandika, na hakuuza.

Alifariki Paris mnamo Aprili 1894, akikaribia miaka 77, bado akiiamini sindano yake, akiwa ameacha maandishi ya kitabibu zaidi ya 500. Huko kwao Morisi, katika mji wa Beau Bassin, hospitali ya wagonjwa wa akili imepewa jina lake.